Mbwa Aliyekula Ndizi za Panya

Nilipofika kwa mama Jumamosi ile asubuhi, nilikuta mbwa ameshikiliwa miguu yote minne kama mbuzi wa Krismasi. Mama mdogo alikuwa amempanua mdomo tayari kummiminia maziwa, na mama yangu amesimama pembeni na jagi mkononi, khanga imemtoka begani wala hana habari nayo. Majirani walikuwa wamejaa mbele ya jiko. Mmoja ameshika bakuli la mayai mabichi, mwingine anatwanga mkaa kwenye kinu, na wote wanaongea kwa pamoja. Nikasema, "Mwachieni huyo mbwa."

Wakanitazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani. Kwetu huingii uwanjani kwa watu wazima ukaanza na amri. Basi nikarudi nyuma kidogo, nikatoa shikamoo zangu kwa mpangilio, kuanzia kwa mama, nikaja kwa mama mdogo, nikamalizia kwa wazee waliosimama kwenye migomba. Zote zikaitikiwa. Kisha nikasema tena, "Sasa mwachieni huyo mbwa."

"Amekula sumu ya panya," mama mdogo akasema, mkono wake ukiwa bado kwenye taya za mbwa. "Sumu inakatwa na maziwa. Hata wewe ulipokunywa mafuta ya taa ulipewa maziwa, na umekua mpaka una kitambi."

Mama mdogo ni mjane wa baba yangu mdogo. Kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kimepakana na chetu, na kinachowatenganisha na mama ni mstari wa masale tu, ile mimea ya mpaka, nao umekanyagwa hadi umekuwa njia. Ni mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na hukumu za haraka. Nampenda sana, lakini siku ile ilibidi nimtoe vidole kimoja kimoja.

Mimi katika mambo ya mbwa sibabaiki. Nina karakana ya mageti na madirisha ya vyuma kule Pasua, Moshi mjini, na tangu niifungue nafuga mbwa, maana vyuma vinalala nje na wezi hawalali. Mbwa wangu wamewahi kula kila kitu ambacho mbwa hatakiwi kula: grisi, misumari, soli ya kiatu cha mteja, chokoleti ya watalii iliyookotwa barabarani. Daktari wa mifugo wa pale mjini, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, amenifundisha kwa kunigombeza. La kwanza alilonifundisha ni kwamba ukimwona mbwa amekula kitu kibaya, usimpe chochote mpaka ujue amekula nini. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala yai, wala maji ya chumvi. Usimtapishe kwa akili yako mwenyewe, kwa sababu kuna vitu vinavyounguza koo vikishuka na kuliunguza tena vikipanda. Na ukimmiminia mbwa maziwa huku amelazwa chali, yanaweza kuingia mapafuni. Atakufa kwa maziwa, halafu sumu ndiyo itasingiziwa.

Huku mlimani kuacha maziwa ni kazi. Kila nyumba ina ng'ombe bandani, kwa hiyo maziwa ndiyo kitu cha kwanza mkono unachokutana nacho mtu akipata shida, na kwa kuwa wengi hupona tu wenyewe, maziwa yamejipatia sifa ambayo si yake.

Nikamkalisha mama kwenye kigoda, nikamuuliza maswali yanayotakiwa: amekula nini, kiasi gani, na lini.

Akanieleza. Mahindi yalikuwa yamepandishwa kutoka shamba la tambarare na kujazwa ghalani, na panya walikuwa wameyavamia. Akaenda gulio la Sanya Juu, akanunua sumu kwa yule kijana anayetembea na kipaza sauti akitaja panya, mende na kunguni kwa wimbo mmoja. Akaiponda pamoja na ndizi mbivu, akaiweka kwenye sahani ya bati, akaiingiza ghalani jioni. Asubuhi sahani ilikuwa nyeupe, na mbwa anajilamba mdomo wenye rangi ya waridi.

"Kwa nini ndizi, mama?"

"Panya wenyewe wameshiba mahindi. Dagaa hawawaangalii. Ndizi mbivu wanaikimbilia." Akairudisha khanga begani. "Halafu nilijua mbwa hali ndizi. Ningeweka nyama, si angeila?"

Pale nilicheka, na sikupaswa kucheka. Mbwa wa tambarare huenda hali ndizi. Lakini huyu alikuja kwa mama akiwa na ukubwa wa kiatu, na tangu siku hiyo chakula chake kimekuwa mabaki ya mtori, makombo ya machalari na masufuria ya ndizi zilizoungua chini. Mfupa aliuona Krismasi na Pasaka. Kwa mbwa wa Kichagga, ndizi ndiyo nyama.

"Paketi ya sumu iko wapi?"

"Nimeichoma jikoni."

Hakukosea kwa jinsi alivyofundishwa. Nyumbani kwetu karatasi ya sumu haitupwi ovyo, mtoto asije akaiokota, inachomwa papo hapo. Lakini ile karatasi ndiyo iliyokuwa na jina la dawa, na jina ndilo daktari hulihitaji. Nikaenda kuichunguza sahani. Ukingoni palibaki punje chache za rangi ya waridi zilizogandia kwenye ndizi. Nikazikwangua kwa kisu, nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikanawa mikono kwa sabuni.

Katika magulio yetu kuna sumu za panya za aina mbili kubwa. Kuna ile kali, inayoua pale pale, panya anakutwa kando ya sahani amekakamaa. Na kuna ile ya taratibu, inayoharibu damu isigande, panya anakula, anashiba, anaondoka na afya yake, kisha siku kadhaa baadaye anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Tiba zake hazifanani hata kidogo. Nikawauliza wote waliokuwepo, nani amewahi kutumia hizi punje za waridi?

Mama mdogo akainua mkono.

"Panya walifia wapi?"

"Hawakufa siku ile," akasema. "Nilidhani nimeibiwa. Wiki ile ile nikaanza kuwaona wanatoka mchana, wanatembea kama walevi wa mbege, nawaokota kwa koleo."

Basi ilikuwa ile ya taratibu. Nikampigia daktari, nikamweleza kila kitu bila kukatisha, kama anavyopenda. Akaniambia kama zimepita saa nyingi kumtapisha hakusaidii, nimshushe mjini leo hii apigwe sindano, kisha ataendelea na vidonge kwa wiki kadhaa. Nimfunge asikimbiekimbie wala asijigonge, kwa sababu jeraha dogo linaweza kumtoa damu isiyokoma. Nitazame fizi zake, kama ni nyekundu au zimepauka. Na akaongeza, "Usidanganywe na mkia. Hiyo sumu inamwacha mbwa anacheza mpaka siku inapomwangusha."

Nilipogeuka, mbwa alikuwa ameshaachiwa na anacheza. Alimrukia mama, akazunguka kinu, akamnusa jirani wa mayai na kulamba bakuli. Matone machache ya maziwa yaliyokuwa yameingia mdomoni kabla sijafika yakapata sifa zote.

"Umeona?" mama mdogo akasema. "Ameshapona. Sasa mnampeleka mjini kufanya nini, kutembea?"

Majirani wakakubali. Wengine wakaanza kuaga. Nilieleza, nikaeleza tena, nikanyanyua mdomo wa mbwa kuwaonyesha fizi, na nilipoziona sikuzipenda. Zilikuwa zimepauka kuliko nilivyotarajia kwa mbwa aliyekula sumu usiku uliopita tu. Nikamtazama mama nikijua kwamba yeye angalau atanisikiliza. Mama akamshika mbwa kamba ya shingoni.

"Haendi," akasema.

"Mama, atakufa."

"Nimesema haendi. Mnaanza na mbwa. Mkishamwondoa mbwa, mtasema sasa mama hana mlinzi, apande basi."

Hapo inabidi nieleze kitu. Mimi ni kitindamimba. Kwa mila yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki nyumbani na wazazi, na nyumba ni yake. Mimi nilishuka Pasua kwa ajili ya kazi, baba akafariki, mama akabaki peke yake mlimani na ng'ombe mmoja. Desemba moja, tulipokutana wote nyumbani kama ilivyo desturi, kaka yetu mkubwa anayeishi Dar akasema haiwezekani mama kulala peke yake kwenye nyumba kubwa namna hii. Ama kitindamimba arudi, ama mama aende Dar. Mama hakutaka Dar. Alishawahi kukaa huko, akasema maji ya kule hayakati kiu. Mimi nikaahidi mlinzi. Nikamleta mtoto wa mbwa kutoka kwa jike langu la karakanani, ukoo wa mbwa wakali, nikasema huyu atafunguliwa usiku azunguke nyumba, na hakuna mtu atakayethubutu kukanyaga. Kaka akakubali kwa sharti kwamba mbwa awepo. Siku mbwa asipokuwepo, mama anaondoka.

Kwa hiyo mama hakuwa anabishana kwa ujinga, alikuwa anaitetea nyumba yake. Nililiona hilo, na liliniuma, kwa sababu aliniweka mimi upande wa kaka.

"Mama," nikasema, "akifia hapa ndiyo hutabaki."

Alifikiri. Akamkabidhi mama mdogo ile kamba, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na viatu, na mkoba kwapani.

"Nitampeleka mwenyewe," akasema. "Wewe baki. Nyumba haiachwi bila mtu, na wewe ndiye wa kubaki hapa."

Ningebisha nini? Ng'ombe alikuwa anahitaji majani na kukamuliwa. Mke wangu yuko Pasua na angewapokea. Nikapiga simu kutafuta gari dogo la kukodi. Dereva alipofika akasema mbwa atakaa kwenye buti. Mama akasema sawa, na yeye atakaa kwenye buti. Mwisho wa mazungumzo mbwa alikaa kiti cha nyuma juu ya kiroba, kichwa mapajani kwa mama, naye mama ameshika ule mfuko wa nailoni wenye punje za waridi. Kabla hawajaondoka nikakumbuka jambo lililokuwa linanikera.

"Mama, mbwa aliingiaje ghalani? Si unafunga?"

"Labda mlango ulikuwa wazi," akasema, akapandisha kioo.

Jioni mke wangu akanipigia. Mbwa amepigwa sindano, amepewa vidonge, na daktari ametaka alale karibu kwa siku chache amwangalie. Mama amekataa kitanda cha wageni kwa sababu hakipo karibu na mbwa. Amelalamikia joto, maji, na ndizi za sokoni ambazo amesema zimechumwa na watu wasio na subira. Kwa maneno mengine, mama alikuwa mzima.

Mimi nilikuwa na shida zangu. Ng'ombe wa mama hapendi mikono ya kiume. Nilimshika chuchu akanipiga teke, ndoo ikalala upande, na mama mdogo akasimama kwenye masale anacheka mpaka akakaa chini. Akaja akamkamua yeye, akisema fundi wa mageti amekutana na geti lisilofunguka. Majani nilikata mwenyewe, na nilikata vizuri, hilo sitanyang'anywa.

Siku ya pili kaka alipiga simu kutoka Dar. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Nasikia mama yuko Moshi mjini," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa anaomba. "Vizuri sana. Kumtoa mlimani ndiyo ilikuwa kazi. Sasa mpandishe basi tu."

"Mama amempeleka mgonjwa hospitali. Hajahama."

"Mbwa akifa?"

"Hafi. Nimemwahi."

"Nakuuliza, akifa?"

Nikamwambia tulikubaliana na mimi sivunji makubaliano. Nilisema kwa kujiamini, na nilijiamini kweli. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa: nilizuia maziwa, nilijua aina ya sumu bila karatasi, nilimpigia daktari, mbwa alipata sindano siku ile ile. Mbwa aliyekula usiku mmoja na kutibiwa kesho yake ana nafasi nzuri sana. Nilimweleza kaka hayo yote, hata sehemu ambazo hakuuliza.

Mchana ule ule mke wangu akapiga tena. Mbwa alikuwa anatoka damu puani, haji kwa kuitwa, ameegemea ukuta. Daktari ameshangaa. Amemuuliza mama mara mbili kama mbwa alikula mara moja tu, na mama amesema mara moja. "Daktari anasema haiendani," mke wangu akaniambia. "Anasema hii ni damu ya mbwa aliyekula siku nyingi. Anauliza kama una uhakika na hiyo sumu."

Hapo niliogopa. Nilikaa kwenye kigoda cha mama pale jikoni nikaona jinsi mambo yatakavyokwenda. Mbwa atafia Pasua, mama atapandishwa basi kutoka Pasua, na nyumba hii itafungwa kufuli nililolitengeneza mimi mwenyewe. Na yote yatatokea nikiwa huku juu nakata majani, sina la kufanya.

Mimi nikiogopa hufanya usafi. Nikaamua kuondoa sumu yoyote iliyobaki nyumbani, ili mbwa akirudi asikute punje hata moja. Nikaanza ghalani. Ghala letu ni chumba cha mwisho cha nyumba. Lina mlango wa nje wenye komeo, na mlango mdogo wa ndani unaotokea chumbani kwa mama, baba aliuweka ili asitoke nje kwenye mvua akitaka mahindi. Komeo la nje lilikuwa limefunga, na limeota kutu. Halikuwa limefunguliwa kwa muda mrefu, hilo fundi wa vyuma haambiwi na mtu. Kwa hiyo mlango uliokuwa wazi ulikuwa ule wa chumbani.

Nikausukuma. Sikuwa nimeingia chumba cha mama tangu msiba wa baba. Nilipiga magoti kuangalia kama kuna sahani nyingine ya chambo chini ya kitanda, na upande wa ukutani, upande aliokuwa analala baba, nikakuta godoro dogo la sponji lililokatwa kwa kisu, limefunikwa blanketi la rangi ya bluu ambalo lilikuwa langu nilipokuwa shuleni. Limejaa manyoya ya mbwa. Pembeni kuna kibakuli cha maji.

Huku kwetu mbwa haingii ndani. Mbwa akivuka kizingiti anapigwa kuni. Na huyu, mtoto wa jike langu kali, mlinzi niliyemwahidi mbele ya ukoo mzima, alikuwa analala chumbani kwa mama juu ya sponji. Tangu lini? Kwa jinsi blanketi lilivyochakaa, tangu mwanzo.

Halafu akili ikarudi kwenye sumu. Kama mbwa alikuwa analala pale, na mlango wa ghala ulikuwa unaachwa hivi, basi hakuna sababu aingie usiku mmoja tu. Nikapiga simu ya mke wangu, nikaomba mama.

"Mama, sahani ya ndizi uliiweka mara moja?"

Akaniuliza kama ng'ombe amepata majani.

"Mama, nimeona godoro. Sikugombezi. Niambie sahani uliijaza mara ngapi."

"Kila jioni," akasema taratibu. "Tangu niliporudi gulioni. Asubuhi naikuta nyeupe, nasema panya wanakula vizuri. Naijaza tena. Jumamosi ndiyo nilimwona mdomo. Ni mimi niliyekuwa namlisha. Ningemwambia daktari hivyo, angeuliza mbwa anaingiaje ndani kila siku. Mke wako yupo hapa anasikia. Na kaka yako angejua kwamba halindi kitu."

"Mwambie daktari sasa hivi. Mwambie kila jioni."

"Nipe nafasi niongee naye basi, ukate simu," akasema, kana kwamba ni mimi niliyekuwa namchelewesha.

Mke wangu alinisimulia baadaye. Mama alisimama mbele ya daktari akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa ushuhuda, akasema mbwa huyu analala chumbani kwangu na amekula sumu wiki nzima kwa mkono wangu. Daktari hakumgombeza, na hiyo ni habari kubwa kwa anayemfahamu. Alisema asante mama, sasa inaendana. Akabadilisha dawa pale pale, akaongeza kiasi, akaagiza mmoja wa mbwa wangu wa karakanani aletwe haraka. Alimtoa damu yule mbwa, ambaye kwa hesabu zangu ni kaka wa huyu mgonjwa, akamwekea mgonjwa mguuni kwa mrija. Mama alikaa kwenye benchi mpaka ilipokwisha, kichwa cha mbwa mapajani, hataki chai wala maji. Kabla giza halijaingia pua ilikuwa imekauka.

Mtu akiniuliza leo afanye nini mbwa wake akila kitu kibaya, namwambia yote niliyoyasema hapo juu, na najua nasema sahihi. Asimpe maziwa, atafute alichokula, asidanganywe na mkia. Lakini sasa naongeza moja: mwambie daktari ukweli wote, hata ule unaokuaibisha, kwa sababu dawa hupimwa kwa ukweli. Mbwa hawezi kusema alichokula wala alikula mara ngapi, na wewe ndiye mdomo wake.

Walirudi mlimani Ijumaa. Dereva alikuwa yule yule, na safari hii alimfungulia mbwa mlango kabla ya kumfungulia mama. Mbwa alikonda, mguu wake umenyolewa pale penye mrija, anatembea kama mzee anayetoka kuumwa. Mama mdogo alikuwa ameshafika na jagi la maziwa, akasema haya ni ya chakula, si ya dawa, kama daktari ameruhusu. Nikamwambia ameruhusu. Akanitazama kwa ushindi.

Nilimsubiri mama amalize kupokea pole za watu. Walipoondoka tukabaki jikoni, yeye kwenye kigoda anamenya ndizi, mbwa amelala amemwekea kidevu juu ya unyayo. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba mlinzi anatakiwa kuwa nje, kwamba nilitoa ahadi mbele ya watu, kwamba kaka ana haki ya kujua. Nilianza vizuri.

"Mama, nilikuletea mbwa wa kulinda. Kwa nini unamlaza ndani?"

Hakuacha kumenya.

"Hukuniletea mlinzi," akasema. "Ulimleta akae badala yako. Kwani wewe nilikuwa nakulaza nje?"

Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, na mama akaendelea na ndizi zake bila kunitazama, jambo ambalo ni adabu yake ya siku zote mtoto wake akilia.

Simu ikaita, ilikuwa kaka. Alitaka kujua mambo mawili tu: kama mbwa amepona, na kama bado anafaa kwa ile kazi. Nilimtazama mama, nikamtazama yule mbwa aliyekuwa anakoroma juu ya mguu wake, na sikuhitaji kudanganya hata neno moja. Nikamwambia mbwa yuko kazini, na mama haendi popote.